Bingwa Wangu Alivyogeuka Mama wa Kware

Kama jirani yako aliwahi gazeti la wiki jana akafungia muhogo, usimgombeze. Nitakusimulia yaliyopita upesi, maana aibu yangu ni ndefu na nafasi niliyopewa ni fupi.

Naitwa Eudaldo, lakini kijiji kizima kinaniita Lalo. Mke wangu, Idalmis, alikwenda Santa Clara kumuuguza dada yake aliyepasuliwa nyonga. Akaniachia kware wake sitini na agizo moja tu: "Lalo, nikirudi nikute kware. Nisipowakuta, sivuki kizingiti. Nageukia pale pale mlangoni."

Siku ya pili nikakimbilia mazoezi ya jogoo wangu, nikasahau kufunga banda. Mbwa wa mtaani hawakusahau. Kilichosalia ni kapu la mayai.

Mayai yale nikayatia kwenye friji bovu la Kirusi ambalo Idalmis alilifunga balbu likawa mashine ya kutotolea. Kesho yake umeme ukakatika nchi nzima, balbu zikazimika, na friji likawa kabati. Nikaenda kuazima kuku aliyekuwa anaatamia, nikamwekea mayai, na chini ya kiota nikatia misumari mitatu ili radi isiwaue vifaranga ndani ya maganda, kama afanyavyo kila mtu hapa kwetu. Nikahesabu siku kumi na saba. Jumatano asubuhi maganda yakaanza kupasuka, na wiki jana niliwaacha mkiniona nimepiga magoti mbele ya kiota nikilia kwa furaha. Vifaranga ishirini na sita!

Furaha ile haikumaliza kikombe cha kahawa.

Niliporudi na kikombe mkononi, yule kuku alikuwa amesimama kiotani, shingo imerefuka, anawatazama wale viumbe wadogo kama nyuki. Akainamisha kichwa. Nikadhani anambusu mmoja. Akamdona utosini, akamrusha nje ya kiota.

"We mwanamke, una wazimu?" nikamfokea.

Akamdona wa pili.

Nikatupa kahawa, nikamkamata kwa mabawa, nikamtoa nje huku akipiga kelele utadhani mimi ndiye muuaji. Kumbe vifaranga wa kware hawaelewi lugha ya kuku. Yeye anawaita kwa sauti yake, wao wanakimbia huku na huku kama viroboto, mwishowe anaamua hawa si watoto wake, ni wadudu. Wawili walikuwa wamekwisha kufa.

Nikabaki na ishirini na wanne, na sina mama wa kuwapa wala umeme wa kutegemea.

Kifaranga wa kware asiyekuwa na joto hakusubiri mpaka ufikiri. Nikawasha mkaa, nikachemsha maji, nikayatia kwenye chupa mbili za ramu, nikazifunga kwa soksi na kuzilaza ndani ya sufuria kubwa pamoja na vifaranga. Wakazikumbatia. Nikajiona fundi.

Baada ya muda chupa zikapoa. Nikachemsha tena. Zikapoa tena. Mkaa ulikuwa nusu gunia, na Idalmis alikuwa amesema atarudi Jumapili. Ukifanya hesabu hiyo, hata mimi niliyefeli hesabu darasani, unapata jibu kwamba mkaa utakwisha Alhamisi mchana.

Saa sita nikatoka kidogo tu kwenda kuomba mkaa kwa jirani. Niliporudi vifaranga walikuwa wamerundikana kona moja, wanapandana kutafuta joto. Watatu wa chini walikuwa hawapumui.

Nikakaa sakafuni. Nawaambieni kweli, nililia, na safari hii haikuwa furaha. Wale ndege walikuwa ndio mke wangu. Kila mmoja aliyekufa, nilimwona Idalmis akirudi nyuma hatua moja kutoka mlangoni.

"Unalia nini, mwanamume mzima?"

Nikaruka. Mama mkwe wangu, Emérita, alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na sigara yake isiyowashwa mdomoni.

Sasa elewa jambo moja. Kwa siku kumi na saba nilikuwa nimemzuia mama huyu asifike bandani. Kila akija nilimwambia kware wanapukutisha manyoya, wakionwa na mtu wataacha kutaga. Aliitikia kwa kichwa na kurudi kwake. Nilijipongeza kwa uongo mzuri kiasi kile.

"Mama," nikaanza, "hawa ni…"

"Nawaona. Ni vifaranga. Wale wakubwa walipita kwangu siku ile ile. Mbwa wa mchinjaji alikuwa na bawa mdomoni."

"Yaani unajua?"

"Lalo, kijiji kizima kinajua. Padri anajua. Tulikuwa tunangoja kuona utafanya nini."

Nikataka ardhi inimeze. Ardhi ikakataa.

Mama Emérita akasogea, akatia kidole ndani ya sufuria, akagusa chupa. "Maji haya yamekwisha. Hawa wanataka mwili. Wanataka ngozi yenye damu chini yake. Kifua kitupu, kisicho na manyoya."

"Nitoe shati?"

"Kifua chako nani akitake? Nasema ndege. Ndege mwenye kifua kitupu na joto jingi." Akageuza macho polepole kuelekea uani, kwenye tundu la jogoo wangu. "Na wewe unaye."

"Hapana."

"Unaye, Lalo."

"Mama, yule ni Malatobo!"

Msomaji, kama unasoma safu hii kwa mara ya kwanza, hujui umesikia jina gani. Malatobo ni jogoo mwekundu ambaye manyoya ya kifuani huota meusi, aliyepigana mara saba na kushinda saba. Kama majogoo wote wa kupigana, nilikuwa nimemnyoa kifua na mapaja, ngozi yake imekuwa nyekundu kama pilipili kwa kusuguliwa ramu kila asubuhi. Nusu yake ni yangu, nusu ni ya Onelio, kumpadre wangu, yaani aliyemsimamia binti yangu kwenye ubatizo. Na Jumapili ile ile anayorudi Idalmis, Malatobo alikuwa apambane na jogoo wa kijiji cha pili. Watu wa kwetu walikuwa wameshaanza kuwazomea wale wenzetu kabla ya pambano.

"Jogoo yule amempasua kichwa kila aliyemsogelea," nikasema. "Nikimtilia vifaranga, atawala kama mchwa."

"Akiwa na akili zake timamu, ndiyo. Kwa hiyo tutamtoa akili." Akavuta kiti. "Marehemu baba yangu alikuwa akifanya hivi na majogoo waliohasiwa. Unamlevya jogoo mpaka anaanguka. Unamsugua kifua kwa majani ya kuwasha. Unamlaza, unamwingizia vifaranga chini yake. Akizinduka, kifua kinamuwasha, na wale watoto na manyoya yao laini wanamkuna. Anasikia raha. Anasema moyoni, kumbe hawa ndio dawa. Hawaachi tena."

"Na wa baba yako walikuwa wamehasiwa. Huyu wangu hajahasiwa."

"Basi omba Mungu."

Nikamtazama kifaranga mmoja aliyekuwa amefumba macho, anatetemeka. Nikafikiria Onelio. Nikafikiria Idalmis. Sikufikiria kwa muda mrefu.

"Ramu iko wapi?" nikauliza.

"Unaniuliza mimi? Iko chini ya kitanda chako, ile Onelio aliyoiweka ya kusherehekea ushindi."

Hakuna kitu ambacho mama yule hakijui katika nyumba yangu.

Nikachukua mkate wangu wa mgawo, ule mmoja wa siku, nikauloweka kwenye ramu ya ushindi. Malatobo alitazama kipande cha kwanza kwa dharau. Akadona. Akatikisa kichwa. Akadona tena. Cha tatu alinipokonya mkononi.

"Taratibu," nikamwambia.

"Mwache," akasema mama mkwe. "Amekulia kwako, ameshazoea kuona mtu akinywa."

Baada ya nusu ya mkate bingwa wa mapambano saba aliinua mguu wa kulia, akasahau anataka kuupeleka wapi, akabaki vile vile. Akajaribu kuwika. Ilitoka nusu ya sauti, nusu nyingine ikamkwama. Akaenda upande, akaegemea ukuta, akatelemka nao mpaka chini. Mama Emérita alicheka hadi sigara ikamdondoka.

Tukamsugua kifua kwa majani ya chichicate, yale yanayoota nyuma ya choo na kuwasha kama moto. Mimi nilivaa glavu za Idalmis za kuoshea vyombo. Tukamlaza kwenye kapu pana, juu ya shuka kuukuu, si gazeti, maana kwenye gazeti miguu ya vifaranga inateleza na kupanuka, wanakuwa vilema. Kisha, mmoja mmoja, nikawaingiza chini yake. Ishirini na mmoja. Tukafunika kapu kwa gunia.

Tukangoja.

Sijawahi kungoja hivyo hata siku binti yangu anazaliwa. Mama Emérita alichambua kunde kikombe kizima. Mimi nilizunguka ua.

Saa tisa na kitu gunia likatikisika. Nikashika fimbo, tayari kumpiga bingwa wangu nikisikia kifaranga analia vibaya. Nikafunua polepole.

Malatobo alikuwa ameinua kichwa. Jicho moja limefumba, jingine linanitazama kwa maumivu ya mtu aliyekunywa ramu ya watu. Chini ya bawa lake kulitokea kichwa kidogo chenye mistari. Malatobo akakiona. Akainamisha mdomo ule ule uliopasua majogoo saba.

"Yesu," nikasema.

Akakisukuma kile kichwa kirudi ndani ya bawa. Kisha akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nzito na ya chini, ko, ko, ko, akajitanua kifua na kuwafunika wote.

Mama Emérita hakucheka safari hii. Alifuta macho kwa ncha ya aproni, akasema moshi wa mkaa umemwingia. Mkaa ulikuwa umezimika tangu saa saba.

Alhamisi nilifanya kazi ambayo sikuwahi kuifanya kwa mke wangu katika miaka kumi na tisa ya ndoa. Nilichukua panga nikaenda kuvunja kichuguu cha mchwa kwenye nguzo ya uzio, nikawakung'uta kwenye sahani, nikawasaga kidogo, maana midomo ya kware wachanga ni midogo kama punje ya mchele. Mama Emérita akaleta yai moja la kuku, amelishika kwa mikono miwili, tukalichemsha, kiini tukakifikicha. Maji niliweka kwenye kifuniko cha mtungi nikajaza vijiwe, kwa sababu mtoto wa kware anaweza kuzama kwenye maji yasiyofika kifundo cha mguu wa inzi. Nilijua hilo kwa kumpoteza mmoja kabla sijaweka vijiwe.

Malatobo aliwaita kula kwa ile sauti yake mpya. Yeye mwenyewe hakugusa mpaka wote wameshiba. Kuna wakati nilimtazama nikaona aibu, na si kwa ajili yake.

Ijumaa asubuhi nikasikia mluzi mlangoni. Onelio.

"Kumpadre! Nimekuja kumpima uzito bingwa."

"Amelala."

"Saa tatu asubuhi?"

"Alichelewa kulala."

"Lalo, jogoo halali saa tatu asubuhi hata kama ni askofu. Nipishe."

Onelio ni mtu mpana. Nilijaribu kumzuia kwa bega, nikajikuta ndani ya ua pamoja naye. Akasimama mbele ya kapu. Malatobo alikuwa ameketi katikati ya jua, mabawa yamefunguka kidogo, na kila upande vichwa vidogo vinachungulia. Kimoja kilikuwa juu ya mgongo wake, kinamtembelea.

Onelio alivua kofia. Nilidhani atazimia.

"Umemfanya nini jogoo wangu?"

"Nusu yako sijaigusa. Vifaranga wako upande wangu."

"Usinitanie, Lalo! Mapambano ni keshokutwa! Watu wanatoka mpaka Placetas!"

"Ukimwondoa, hawa wanakufa kabla ya jioni."

"Ni kware! Vitafunio!"

"Ni ndege wa Idalmis."

Hapo akatazama getini kwanza. Onelio anamwogopa Idalmis kuliko anavyoogopa radi. Lakini alikuwa amejisifu sana kijijini, na kujisifu ni kazi ngumu kuirudisha nyuma.

"Tumjaribu," akasema. Akaenda kwake, akarudi na jogoo wa mazoezi, mzee mmoja mweupe mwenye jicho moja. Akamweka chini hatua mbili kutoka kwenye kapu.

Yule mzee akapiga mabawa, akatukana kwa lugha yao. Malatobo alimtazama. Manyoya ya shingo yakasimama. Onelio akanishika mkono kwa matumaini.

Kisha kifaranga mmoja akalia. Malatobo akashusha manyoya, akajilaza chini kabisa, akatandaza mabawa kuwafunika watoto wake, akafumba macho kungoja kipigo.

Nilimwahi yule mzee mweupe kabla hajafika. Onelio alikuwa amekwishaketi juu ya ndoo, kofia mikononi.

"Ameharibika," akasema kwa sauti ndogo. "Nitawaambia nini watu? Kwamba bingwa amejifungua?"

"Waambie ana mafua."

Akasimama. Uso ulikuwa umembadilika. "Kesho saa tano nakuja na tundu. Nitamweka kwangu peke yake, nimlishe pilipili, akili zitamrudi kabla ya Jumapili. Usiponipa, Lalo, usiniite tena kumpadre. Sitavuka mlango huu hata kwenye mazishi yako."

Akaondoka bila kunipa mkono. Tunajuana tangu tukiwa na miaka sita.

Jumamosi saa nne na nusu nilikuwa nakata majani ya kitunguu niwape vifaranga niliposikia lori la abiria likipiga breki barabarani. Lori lile hufika hapa, hugeuza kule mwisho kwenye kiwanda cha sukari kilichofungwa, na baada ya nusu saa hurudi Santa Clara. Sikulijali. Nilikuwa namngoja mke wangu kesho.

"Lalo."

Kisu kikanidondoka.

Idalmis alikuwa ndani ya geti, amesuka nywele, amevaa gauni la njano nisilolijua. Moyo wangu uliruka kama wa kijana. Nikataka kumkumbatia, nikakumbuka mikono yangu inanuka mchwa.

Hakunitazama mimi. Alikuwa anatazama kapu.

"Huyu si Malatobo?"

"Ndiye."

"Mbona amekaa hivyo? Mgonjwa?"

"Alikuwa mlevi. Sasa ni mama."

Kifaranga mmoja akatoka chini ya bawa, akakimbia duara moja, akarudi. Idalmis akashika mdomo. Mabega yakaanza kutikisika. Akacheka mpaka akapiga magoti, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mimi nikacheka naye, na nikawa najiambia, Lalo, umepona, umepona, wewe mwana wa bahati.

Akawahesabu kwa kidole. Walikuwa kumi na tisa, mmoja aliamka amekufa asubuhi ile.

Nikamwambia yote. Banda, mbwa, friji, kuku, majani ya kuwasha. Sikuficha kitu. Nikamwomba msamaha nikiwa nimeshika kitunguu.

"Najua," akasema. "Mama alinipigia simu siku ile ile ya mbwa."

"Mama yako aliniambia…" Nikakumbuka kwamba hakuniambia chochote kuhusu simu. "Basi mbona hukuniuliza?"

Akaokota jani la kitunguu chini. Ndipo nilipoona kwamba hana mkoba.

"Idalmis, mkoba wako uko wapi?"

"Uko Santa Clara."

"Utaufuata lini?"

Akakaa juu ya ile ndoo ya Onelio, akanyoosha gauni magotini. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Dada ana nyumba kubwa na ua nyuma. Nimepata kazi jikoni, shule ya watoto wadogo, naanza Jumatatu. Mama aliponipigia kuhusu mbwa, nilisema basi, nimepata sababu. Miaka kumi na tisa, Lalo, katika nyumba hii jogoo anakula kwanza. Nyama ya mgawo ikija, jogoo kwanza. Nikiwa na homa, wewe unamkanda jogoo. Nikasema, nitakwenda nimuage ana kwa ana, nione banda tupu, nigeuke. Jana mama akapiga tena, akacheka tu kwenye simu mpaka salio likaisha. Nikataka kujua kinachomchekesha."

Lilikuwa kweli, kila neno.

"Sasa nimekuja nimekuta hivi," akasema, akalionyesha kapu kwa kidevu. "Umeniharibia sababu yangu."

"Basi baki."

"Nitengenezee kahawa, Lalo. Nifikiri."

Nilikwenda jikoni mbio. Nikapuliza makaa mpaka kichwa kikazunguka. Nilimwekea sukari yote iliyobaki. Nilipokuwa namimina, honi ya lori ikalia barabarani, mara mbili.

Nikatoka na kikombe. Ndoo ilikuwa tupu. Mahali pa kapu palikuwa na duara la vumbi na majani mawili ya kitunguu.

"Idalmis!"

Alikuwa ameshakaa juu ya lori, kwenye ubao wa nyuma kabisa. Kapu liko mapajani, gunia juu yake, na katikati ya gunia kimetokeza kichwa chekundu cha bingwa wangu, anatazama abiria kana kwamba wao ndio wageni.

"Unampeleka wapi jogoo?"

"Kware ni wangu," akasema. "Na mama yao anakwenda nao. Unataka wafe njiani?"

"Nusu yake ni ya Onelio!"

"Mwambie Onelio aje kuchukua nusu yake Santa Clara."

Abiria wakacheka. Bibi mmoja mwenye mfuko wa vitunguu saumu akasema, "Wewe baba, na wewe ungekaa pale kwenye kapu wala usingeachwa." Wakazidi kucheka.

Idalmis hakucheka. Alinitazama, na nilimfahamu mtazamo ule, ni ule wa siku nilipomwomba uchumba akanipima toka kichwani hadi miguuni kabla ya kusema ndiyo.

"Nafasi moja imebaki hapa," akasema, akapiga ubao kando yake kwa kiganja. "Kule hakuna uwanja wa majogoo. Ua wa dada unatosha mabanda mawili. Kazi ya kuvunja vichuguu nitakuachia."

"Sasa hivi? Nyumba iko wazi. Sina hata viatu."

"Sasa hivi. Nikishuka kukusubiri ufungashe, utakumbuka jambo moja la uwanjani, kisha la pili. Nakujua."

Mama Emérita alikuwa ametoka kwake na ufagio. "Panda, mjinga we!" akapiga kelele. "Nyumba nitafunga mimi! Na hizo sufuria zako mbili nani atazitaka?"

Dereva akachungulia dirishani. "Mzee, unapanda au hupandi? Mimi nina safari."

Nikaangalia barabara. Kule juu Onelio alikuwa anakuja, tundu begani, kofia ya sherehe kichwani, na nyuma yake wanaume wanane wa uwanjani wakiimba jina la Malatobo. Kumpadre wangu wa tangu miaka sita. Aliona lori. Aliona kapu. Aliona kile kichwa chekundu.

"Zuieni lori!" akapiga ukelele, akatupa tundu, akaanza kukimbia. Sikujua mtu mpana vile anaweza kukimbia.

Lori likaguruma, likaanza kujongea. Kikombe cha kahawa kikaniponyoka. Nikarusha mguu peku juu ya bamba la nyuma, nikashika mkono wa Idalmis, naye akavuta.

Kisha nikasikia kitambaa kikichanika mgongoni. Shati langu lilikuwa mkononi mwa Onelio, na mimi bado nilikuwa ndani ya shati.